Kikuza Sauti Kinaponyamaza



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya chombo ambacho siku hizi ni haba kukosekana katika nyumba zetu, madrasa zetu na misikiti yetu, nacho ni kikuza sauti, au amplifaya kama waiitavyo mafundi. Kazi yake ni kuipokea sauti dhaifu itokayo katika maikrofoni, redio au simu, na kuitia nguvu hata iweze kuisukuma spika na kusikilikana mbali. Chombo hiki hutumika miaka mingi bila ya kukumbukwa na mtu, illa siku kinaponyamaza. Siku hiyo watu hukusanyika, kila mmoja na kauli yake, na aghalabu kauli hutangulia uchunguzi.

Tumeazimia kuyaandika haya kwa sababu ya jambo lililotokea katika mtaa wetu. Sisi tulikuwapo, na katika lawama yake tuna fungu letu.

Yalikuwa yamebaki majuma mawili kuingia mwezi wa Ramadhani. Darsa ilikuwa ikiendelea baina ya magharibi na isha, mara sauti ikakatika kwa kishindo, na harufu ya kuungua ikajaa chumbani. Aliyekuwa karibu na chombo ni kijana wa miaka kumi na sita, ambaye kazi yake ilikuwa kukiwasha na kukizima. Moshi haujatawanyika, kijana alikwisha hukumiwa.

"Maalim, wallahi sikukigusa kifungo cha sauti," alisema. "Nilichofanya ni kuuchomoa waya ukutani."

"Mwanangu, chombo hakiungui chenyewe," akajibu mzee mmoja wa kamati.

Nasi tuliokuwapo tulitikisa vichwa kukubali. Hapana hata mmoja wetu aliyeuliza swali la pili. Asubuhi yake chombo kilipelekwa kwa fundi, akakifungua, akakitazama, wala hakukipima, akasema kimekufa chote na kinunuliwe kingine. Baba yake kijana ni mchukuzi wa sokoni. Alipoambiwa alipe hakubishana, kwa heshima ya madrasa, akaleta fungu la kwanza jioni ile ile, noti zilizokunjwa ndani ya leso. Na kijana akaacha kuja darsani.

Siku ya tatu alitokea mzee mmoja mtaani petu, ambaye ujanani mwake alikuwa fundi wa redio za melini, akaomba akione kile chombo kabla ya kutupwa. Alitoa sharti moja tu, kwamba kijana yule aketi naye. Na hayo yaliyopita katika ukumbi wa nyumba yake ndiyo tutakayo wasomaji wetu wayafahamu, kwani mna elimu ndani yake kwa kila mwenye kumiliki chombo cha umeme.

Jambo la kwanza mzee hakushika bisibisi. Aliuliza. "Mjukuu wangu, kabla ya siku ile, kitu gani kilibadilika?" Kijana akafikiri, akasema, "Babu, mwezi uliopita ziliongezwa spika mbili za honi kwa upande wa barabarani. Na tangu hapo fyuzi ilikatika mara mbili." Mzee akauliza ni nani aliyeibadilisha fyuzi mara ya pili. Kijana akasema hajui, yeye alikuta chombo kinawaka.

Jambo la pili lilikuwa ni usalama. Waya ulikuwa umekwisha chomolewa, lakini mzee alimweleza kwamba kuchomoa hakutoshi. Ndani ya kikuza sauti mna kapasita kubwa, mfano wa makopo madogo, ambazo kazi yake ni kuweka akiba ya umeme, na akiba hiyo yaweza kubaki baada ya chombo kuzimwa. Basi alichukua rezista ya ohmu 220, ya aina nene inayostahimili joto, iliyoungwa waya zenye mpira, akaigusisha katika miguu miwili ya kila kapasita kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Kisha akapima kwa mita mpaka akaona imebaki chini ya volti 2. Hakutumia bisibisi kuigongesha miguu hiyo kama wafanyavyo wenye haraka, kwani cheche yake huweza kuharibu kapasita na kumdhuru mtu macho.

Jambo la tatu alitazama na kunusa. Na hapo ndipo alipoiona fyuzi. Ilikuwa imezungushiwa karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara. Mzee aliitoa kwa kibano, akaiweka juu ya meza, wala hakusema neno.

Yafaa tuseme sisi badala yake. Fyuzi ni uzi mwembamba uliopimwa makusudi ukatike kabla ya kitu kingine kuungua. Inapokatika haijafanya kosa, bali imetoa habari. Mwenye kuizungushia karatasi ya bati, au kuweka ya ampea 10 pahala pa ampea 3, ni sawa na mtu aliyeamshwa usiku na mlinzi wake, akamfunga mlinzi kinywa ili apate kulala. Nyumba nyingi zimeteketea kwa njia hii.

Jambo la nne alipima. Katika chombo hicho mna transista nne kubwa za kutoa nguvu, za aina yenye kofia ya chuma, zilizofungwa kwa skrubu katika bamba la kupozea joto. Alizitoa zote, kwani kipimo cha kitu kilichoungwa na vingine huweza kudanganya. Transista nzima, ukiigeuza mita upande wa daiodi, huonyesha kati ya volti 0.5 na 0.7 kutoka mguu uitwao besi kwenda kwa kila mmoja wa wenzake kwa mwelekeo mmoja, na kwa mwelekeo wa pili haionyeshi kitu. Na baina ya miguu miwili iliyobaki hapana njia kabisa. Transista mbili za mwanzo zilikuwa nzima. Mbili zilizofuata, mita ililia mfululizo kila alipogusa. Zilikuwa zimeungana ndani na kuwa kama kipande cha waya. Na rezista mbili ndogo za ohmu 0.47 zilizofuatana nazo zilikuwa zimekatika.

Jambo la tano alitaka kujua kama transfoma, ambayo ndiyo ghali kuliko vyote, imeungua. Alitia fyuzi mpya ya kipimo kilichoandikwa nyuma ya chombo, kisha akauunga waya wa umeme kupitia balbu ya kizamani, ile ya uzi, ya wati 100. Balbu za kisasa za kupunguza matumizi hazifai kwa kazi hii. Akamwambia kijana, "Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, bado mna mahali umeme unapitiliza. Ikimetameta mara moja ikafifia, tushukuru." Kijana akabonyeza kifungo. Balbu ikamulika, kapasita zilipokuwa zikijaa, kisha ikafifia hata uzi wake ukawa mwekundu hafifu. Transfoma ilikuwa salama.

Mzee akamtazama kijana kitambo. "Transista zilipoungana, na fyuzi haikuwa na uwezo wa kukatika, umeme wote ulikuwa ukipita katika transfoma. Lau ungeachwa dakika chache ungeiunguza, na labda na pazia lililo nyuma yake. Aliyeichomoa ndiye aliyeiokoa." Kijana hakujibu kitu. Aliinama akajifanya anatafuta skrubu chini ya meza.

Transista zilinunuliwa kwa muuzaji anayefahamika kwa uaminifu wake, kwani sokoni ziko nyingi za kughushi, na zile zenye jina kubwa, kama 2N3055, ndizo zinazoigwa zaidi. Zilibadilishwa zote nne, wala si mbili tu, kwa sababu zile mbili nyingine zilikwisha pata joto la shida ile ile, na transista zifanyazo kazi pamoja hutakiwa ziwe na tabia moja. Chini ya kila moja kiliwekwa kipande kipya cha maika na mafuta meupe ya kupitishia joto, kisha mzee akapima baina ya kofia na bamba kuhakikisha hapana mguso. Balbu ikafifia tena kama mwanzo. Akaiondoa, akapima milivolti 10 juu ya rezista ya ohmu 0.47, ambayo kwa kanuni iliyotangazwa na Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827 ni kiasi cha miliampea 21, akaridhika. Chombo kikaachwa kimewaka saa nzima bila ya sauti, na bamba likawa vuguvugu tu.

Huenda wengine wangelikirudisha hapo na kupokea ujira wao. Mzee alisema, "Tumeondoa ugonjwa. Bado hatujamwondoa aliyeuleta." Akatoka na kijana kwenda kuzitazama spika.

Vikuza sauti vya misikiti na madrasa aghalabu hutumia laini ya volti 100. Katika kila spika ya honi mna transfoma ndogo yenye njia za kuchagua, mathalani wati 30, wati 15 au wati 7.5, na kanuni yake haina uficho: zijumlishe wati za spika zote, na jumla isizidi uwezo wa chombo. Spika nne za zamani zilikuwa zimefungwa katika wati 15 kila moja, na hizo ni 60, yaani mzigo kamili. Mbili mpya zilifungwa katika wati 30 kila moja. Chombo cha wati 60 kilikuwa kimetwikwa wati 120. Tena kosa hili haliwezi kugunduliwa kwa mita ya kawaida, kwani mita hiyo hupima ukinzani wa waya wa transfoma tu, nao ni mdogo kuliko mzigo wenyewe unaohisiwa sauti inapopita. Hesabu pekee ndiyo iionyeshayo.

Dawa yake haikugharimu hata senti. Spika zote sita zilihamishwa katika wati 7.5, jumla wati 45, na nafasi ikabaki. Na msidhani kwamba kugawanya wati nusu kwa nusu hupunguza sauti nusu kwa nusu. Sikio huona imepungua kidogo tu. Jirani mwenye mgonjwa au mtoto mchanga alileta shukrani kuliko malalamiko.

Jumla ya gharama haikufika sehemu ya kumi ya bei ya chombo kipya. Kamati ilipokutana, mzee alikuja na vitu viwili mkononi, fyuzi iliyozungushiwa karatasi, na transista iliyoungua, akaeleza kama tulivyoeleza sisi. Kisha akanyamaza. Yule mzee wa kamati aliyesema kwamba chombo hakiungui chenyewe aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu, akasema, "Ni mimi. Nilikuwa na haraka, adhana ilikuwa imekaribia, na duka la fyuzi limefungwa." Akaondoka pale pale kwenda kwa mchukuzi, akarudisha zile noti zikiwa bado katika leso yake, akaomba radhi mbele ya mtoto. Twamhesabia hilo kuwa ni ushujaa. Sisi wengine tuliotikisa vichwa tulichelewa zaidi kwenda.

Sasa yafaa tuwape wenye vyombo nyumbani njia ya kufuata, maana si kila ugonjwa wahitaji fundi, wala si kila ugonjwa wafaa kuguswa na asiye fundi.

Kikiwa hakiwaki kabisa, anza na lililo nje. Tia taa katika soketi ile ile uone kama umeme upo. Tazama waya na fyuzi. Fyuzi ikiwa imekatika, weka moja ya kipimo kile kile, mara moja tu. Ikikatika tena, simama hapo. Ndani mna kitu kilichoungana.

Kikiwaka lakini upande mmoja ni bubu, badilishana waya za kuingiza, wa kulia uende kushoto na wa kushoto kulia. Ububu ukihama, kosa liko katika waya au katika redio yenyewe. Usipohama, zima chombo kisha badilishana waya za spika. Ububu ukihama sasa, ugonjwa umo ndani ya kikuza sauti, na kama bado haukuhama, spika ndiyo mbovu. Kwa mabadilishano mawili mmeigawa njia yote, wala hamkufungua skrubu hata moja.

Kikinguruma, punguza kifungo cha sauti mpaka mwisho. Mngurumo ukipungua pamoja nacho, watoka kabla ya kifungo hicho: waya ulioharibika, au chombo kingine kilichoungwa nacho. Usipopungua, watoka nyuma ya kifungo, na mtuhumiwa wa kwanza ni zile kapasita kubwa za akiba zilizozeeka. Umeme wetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Mngurumo wa waya aghalabu ni huo wa 50, mzito, na wa kapasita ni wa 100, wenye ukali zaidi. Lakini msikate kamwe waya wa ardhi ili kuuondoa mngurumo. Waya huo upo kwa ajili ya uhai wenu.

Kikikwaruza unapozungusha kifungo, ni vumbi ndani ya kifungo hicho, na dawa yake ni ile ya kupuliza ya kusafishia viungo vya umeme, chombo kikiwa kimechomolewa. Mafuta ya kupikia au ya cherehani hukusanya vumbi zaidi. Na sauti ikija na kutoweka unapokigonga chombo kwa kidole, huenda ndani mna kiungo cha risasi kilicholegea. Fundi akitazama kwa kioo cha kukuzia huona ufa mwembamba wa duara kuzunguka mguu wa kifaa, naye huulehemu upya kwa muda mfupi.

Na fundi akikurudishia kikuza sauti cha nyumbani, mwombe akipime mbele yako kabla ya kuunga spika. Katika vidoto vya spika, chombo kikiwa kimya, umeme wa moja kwa moja usizidi kiasi cha milivolti 50. Ukiwa ni volti kadhaa, transista ingali mbovu, na spika yako itaungua mara utakapoiunga. Fundi mwaminifu hatachukia kuombwa hivyo. Kadhalika mwombe akurudishie vifaa vibovu alivyovitoa. Ni desturi njema iwalindayo wote wawili, kwani kazi ya fundi ni amana, na mwenye chombo haoni yafanyikayo ndani.

Mwisho twatoa onyo kwa vijana wetu, na kwa mabinti zetu vilevile, ambao twajua miongoni mwao wako wenye mikono mizuri ya kazi hii. Mkikuta katika nyumba ya babu zenu kikuza sauti cha zamani chenye taa za kioo, msikifungue. Taa hizo asili yake ni kazi ya Mmarekani Lee de Forest ya mwaka 1906, nazo hutumia mamia ya volti. Transista ilipopatikana mwaka 1947 katika maabara ya Bell, kwa mikono ya John Bardeen na Walter Brattain, ndipo ilipowezekana kufanya kazi hiyo kwa volti chache. Lakini hata hizo chache si za kuchezewa, na upande wa waya uendao ukutani una volti 230 au 240 katika kila chombo, kipya kwa cha zamani. Jifunzeni chini ya mkono wa ajuaye, kama alivyojifunza yule kijana.

Kijana huyo siku hizi huenda kwa mzee kila Ijumaa baada ya sala. Kikuza sauti chetu kimevuka Ramadhani nzima bila ya kukatika fyuzi hata moja, na ubavuni mwake mmegundishwa karatasi aliyoiandika yeye kwa hati yake: spika sita, wati 45, fyuzi ampea 3, na chini yake maneno, "Ikikatika, ulizeni kwanza."

Wazee wetu walinena kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Sisi tulilijua neno hilo tangu utotoni, na siku ile tukawa na majibu sote, bila ya swali. Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe haraka yetu, na atujaalie kuchunguza kabla ya kuhukumu, katika vyombo vyetu na katika watoto wetu.

Wabillahi tawfiq.